Kilo Sitini za Mama Mkwe

Hakuna swali linalonichosha kazini kama hili: mgonjwa ana kilo ngapi? Swali lenyewe halina kosa. Ni majibu. Mke atakuambia mumewe ni mzito wa kawaida. Polisi atakutajia uzito aliopimwa siku anaandikishwa kazi, wakati ule akiwa kijana mwembamba wa kukimbia kila asubuhi, na sasa kitambi chake kinaingia chumbani kabla yake. Wengine wanakukodolea macho kana kwamba umewauliza marehemu ameacha nini. Kitanda chetu kimoja chenye mizani kiliharibika zamani, na tangu hapo kinamsomea kila mtu uzito uleule, awe mcheza mpira au ajuza.

Mimi ni nesi katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye hospitali moja iliyoko kilimani hapa Kampala. Kazi yangu hasa ni mashine inayoshika nafasi ya figo. Ile dayalisisi ya kawaida, ambayo mtu anakuja, anasafishwa damu kwa saa chache na kurudi kwake, haimfai mgonjwa ambaye presha yake imeanguka. Huyo tunamsafisha polepole, usiku na mchana bila kukoma, damu ikitoka kwa mrija, ikipita kwenye chujio na kurudi mwilini. Maji ya kusafishia yanapangwa kwa uzito: kila kilo ya mgonjwa ina mililita zake kwa saa. Ukikosea kilo umekosea kila kitu. Ukimpa maji kidogo, sumu inabaki ndani. Ukimpa kupita kiasi, mashine inafyonza hata dawa uliyomchoma, pamoja na madini ambayo moyo na misuli vinayategemea.

Sasa fikiria mgonjwa ni mama mkwe wako.

Mimi ni Mnubi, nimezaliwa katika kambi ya polisi, nikalelewa na Kinubi cha nyumbani na Kiswahili cha nje ya mlango. Mke wangu ni Muganda. Kabla sijamwoa, shangazi yake, ambaye Waganda wanamwita ssenga na ndiye mwenye kauli katika mambo ya ndoa, alinikalisha chini akanisomea sheria za buko, yaani miiko ya ukweni. Mama mkwe hashikwi mkono. Hatazamwi usoni. Mkikutana njiani unampisha. Yeye akiwa sebuleni wewe unabaki barazani, mnasalimiana kupitia mlango. Ukimgusa, alisema, mikono yako itaanza kutetemeka na haitaacha. Nilikubali yote, maana nilikuwa nataka mke.

Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu mama huyo nilimjua kwa sauti, kwa mikungu ya matoke aliyotutumia kutoka kibanda chake katika soko la Nakawa, na kwa pindo la gomesi likipotelea chumba cha pili. Na gomesi, kwa anayelijua vazi hilo lenye mabega yaliyosimama, mkanda mpana na kitambaa kizito kinachofungwa ndani, linamfanya kila mwanamke aonekane mkubwa. Ndani ya gomesi lile sikujua kuna mtu wa kiasi gani, na sikuwahi kufikiri nitahitaji kujua.

Aliletwa asubuhi kwa gari la wagonjwa. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimeoza, sukari imepanda, sumu imeingia kwenye damu na figo zimegoma. Alipofika kwetu tayari alikuwa amelazwa kwa dawa za usingizi, mpira wa kupumulia mdomoni. Wanaoijua ile mashine tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa Nairobi kwenye kozi. Ama nimwashie mimi, ama afe. Mke wangu alilia mlangoni, kwa sababu baba yake alikwisha kufa na huyu ndiye mzazi aliyebaki. Ssenga hakulia. Yeye alikuwa anatafuta pazia.

Pazia likapatikana, la kijani, refu mpaka karibu na sakafu. Kitanda kikawa upande mmoja, mimi na mashine upande wa pili, mirija ikipita chini kwa chini. Nesi mmoja binti, Muganda naye, mwenye adabu nyingi na mikono myepesi, akapewa kazi ya kuwa mikono yangu ndani. Nilidhani wenzangu watacheka. Hakuna aliyecheka. Nusu yao wana mama wakwe, na nusu nyingine wanatafuta.

Nikauliza kwa sauti ya kazi, nikiliambia pazia: "Mgonjwa ana kilo ngapi?"

"Taata," mke wangu akasema kutoka ndani, maana ndivyo anavyoniita mimi baba wa watoto wake, "hiyo unataka ya nini?"

"Ya mashine."

"Mashine haiwezi jua yenyewe?"

"Haiwezi."

Nikamsikia akivuta pumzi aseme, na ssenga akamkata. "Andika kiro sitini," akasema. Alitamka hivyo, kiro, kama wengi wanavyotamka hapa mjini.

"Sitini?"

"Sitini, mkwe. Na hata hiyo sitini ni sababu ya nguo."

Binti akaandika sitini. Daktari wa zamu, aliyekuwa akikimbizana na vitanda vingine, akanakili sitini. Daktari wa figo, Mkenya anayezunguka hospitali kadhaa na kutoa amri kwa simu, akasikia sitini, akazidisha, akanipa kiwango. Nikaiwasha mashine, ikaanza kuzunguka, nikamshukuru Mungu.

Haikusaidia kitu. Ilizunguka leo, ikazunguka kesho, na majibu ya maabara yakarudi na potasiamu ileile ya kutisha na damu chachu vilevile. Nikabadilisha chujio. Nikalaumu umeme, ambao kwa kweli siku zile ulikuwa na visa vyake. Nikalaumu mrija, kwamba umekaa vibaya, nikamwamuru binti aukague na akaukagua akaniambia uko sawa. Nikashuka maabara kugombana, nikawauliza kama damu waliyopima ni ya mama au ya jirani yake. Wakaipima tena mbele yangu. Ilikuwa ya mama. Hasira ikanipanda na sikuwa na mtu wa kumtupia.

Nyumbani Kamwokya hali ikawa mbaya kwa namna nyingine. Baa ya jirani ilipiga muziki wake kama kawaida, na sisi ndani hatukuongea. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu, kila nilipoingia: "Mama iko namna gani?" Nikimjibu anaendelea, ananitazama mikononi. Nikadhani ananitazama saa. Baadaye nikajua ssenga alikuwa ameshasema neno.

Alinieleza mwenyewe, kwenye korido, akiwa ameketi kwenye mkeka wake katikati ya mabakuli ya chakula. "Mkwe, mimi nauliza tu. Damu ya mama inatoka, inapita kwa ile mashine yako, wewe unashika, inarudi. Hiyo hapana kugusa?"

"Sigusi damu, ssenga. Nagusa mipira."

"Na ndani ya mipira kuna nini?"

Kazi hii nimeisomea, nina vyeti, na mwanamke wa mkekani alinikosesha jibu. Jambo likawa wazi kwangu hapo: mama akifa, ukoo mzima utasema ni mkono wa mkwe. Hawatasema kidonda, hawatasema sukari. Watoto wangu watakua wakijua baba yao alimuua bibi yao kwa kuvunja buko, na mke wangu, hata kama hataamini, ataishi na watu wanaoamini. Mchana ule nilipomimina chai niliitazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka kidogo. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, lakini uongo wa nini, niliogopa.

Mgonjwa mahututi anageuzwa ubavu mara kwa mara ili ngozi isichubuke. Mama alipogeuzwa, mimi nilitoka nje kabisa kwa heshima, nikaenda jikoni kwa manesi kunywa chai mpaka wamalize. Siku hiyo birika lilikuwa tupu. Nikarudi na kikombe changu kikavu, nikasimama kwenye korido nikisubiri.

Mtu wa kilo sitini hugeuzwa na manesi wawili huku wakizungumza habari za harusi. Niliwaona wawili wakiingia, nikasema sawa. Kisha akaitwa mbeba machela. Kisha akapita yule bwana wa mazoezi ya viungo, akiingia haraka kama aliyechelewa. Halafu binti akatoa kichwa mlangoni na kumwita askari wetu wa getini. Askari akaegemeza rungu lake ukutani, akakunja mikono ya shati, akaingia. Nikasikia mtu akihesabu moja, mbili, tatu. Kitanda kikalia. Mtu akasema kwa Kiganda waongeze nguvu, na kitanda kikalia tena.

Askari alitoka anafuta jasho.

"Afande," nikamwuliza, "umesaidia kugeuza nani?"

"Ile mama ya kitanda ya mwisho."

"Ni mkubwa?"

Alifungua mdomo ajibu. Kisha akanitazama vizuri, akakumbuka mimi ni nani kwa yule mama, akachukua rungu lake. "Iko kawaida tu," akasema, akaenda zake.

Hata askari. Hata askari wa getini alikuwa anajua kitu ambacho mimi, mwenye mashine, sikujua, na akaona si heshima kuniambia. Nikamwita binti kando, kwa upole wa mtu anayejizuia.

"Sista. Mgonjwa wetu ana kilo ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "Iliandikwa sitini, Musawo," akasema, kwa jina ambalo Waganda humwita kila mtu wa tiba.

"Najua iliandikwa. Wewe una macho."

"Musawo, bambi," akanisihi kwa Kiganda chake, karibu kulia. "Ile kitu mimi nitasema namna gani? Wewe iko mkwe. Kesho kama mama anapona, ataniuliza nani alikuambia mwili yake."

"Na kama haponi?"

Nikamwacha, maana kumgombeza kungekuwa kugombeza nchi nzima. Nikamfuata mke wangu, nikamkuta chini ya ngazi akinunua maji ya kunywa. Nikamwambia kilo zile ni za uongo, kwamba kwa uongo ule mashine inamsafisha nusu ya mama yake na kumwacha nusu nyingine na sumu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, watu wakageuka.

"Wewe ulikuwa umesimama pale," akasema. "Nyuma ya pazia. Nitataja kiro za mama mbele ya bwana yangu? Ningeanzia wapi?"

"Ungenong'ona kwa daktari."

"Daktari angekuambia."

"Ndiyo, angeniambia. Ndiyo kazi yake kuniambia."

"Si unaona," akasema, kana kwamba nimemaliza ubishi kwa upande wake.

Ndipo nilipompigia simu daktari wa figo na kumwomba aje yeye na miguu yake. Alikuja jioni, amechoka, akapita ndani ya pazia bila kuuliza sheria za mtu. Akakaa huko muda mfupi. Akatoa kichwa akaniambia, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, taratibu kabisa: "Ndugu yangu, hii sitini mliitoa wapi?"

"Ukweni," nikasema.

Nilimweleza. Nilitegemea akasirike pamoja nami, nipate angalau mwenzangu, lakini yeye alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza akachukua futi kupima urefu wa mama, akamwita mke wangu amwambie uzito wa kweli, ambao aliujua barabara kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki ya sukari, na pale wanapimwa kila wanapokwenda. Ssenga alikataa kitu chochote kitajwe mpaka mimi nifike mwisho wa korido. Nikaenda mwisho wa korido. Mimi, mtu mzima, mwenye mashine, nilisimama dirishani nikitazama bodaboda zikipanda kilima huku wengine wakinong'onezana kilo ninazozihitaji kuokoa maisha.

Daktari akanifuata pale na kiwango kipya, karibu mara mbili ya kile cha kwanza. Nikagawanya kichwani upesi, nimezoea.

"Kwa hiyo hizo ndizo kilo zake."

"Hapana. Hizo si kilo za mtu yeyote. Mafuta hayashiki maji mengi, na sumu inakaa kwenye maji. Nikimhesabia mwili wote, tutamfyonza dawa zake na madini yake, na maboksi yenu ya maji yatakwisha kabla lori halijafika. Nikimhesabia kama mwembamba, ni haya mliyoyaona. Nimechukua uzito wa katikati, kati ya ule unaoufaa urefu wake na ule wa mizani. Wa kweli hauhitaji kuujua."

Ningeweza kuupata. Ningemwuliza urefu tu, nikairudisha hesabu kinyumenyume mpaka kwenye kilo zenyewe. Sikuuliza. Sijui kwa nini, maana hasira nilikuwa nayo bado na haki ya kujua nilikuwa nayo. Nilirudi nyuma ya pazia langu, nikaweka kiwango kipya, nikavuta kiti.

Safari hii potasiamu ilishuka. Ilishuka polepole, kama inavyotakiwa, na baadaye uchachu wa damu ukaanza kupoa, na presha ikaanza kujishikilia yenyewe. Mke wangu alianza tena kunigombeza kuhusu taulo na viatu, nikajua nyumbani kumepona. Ssenga naye alikuwa na maelezo yake. Alimwambia kila aliyekuja kusalimia kwamba mgonjwa alipata nafuu tangu yeye alipolibana pazia vizuri kwa pini, maana mwanzo lilikuwa linaachia upepo. Alisema hivyo mbele yangu, na mtu mmoja akampongeza.

Katika siku hizo nilikuwa natayarisha hotuba. Niliitunga nikiwa njiani, nikaipanga nikiwa kazini. Siku mama atakapoamka na hatari kupita, nitawakusanya wote, ssenga, mke wangu, binti, na askari akipenda, niwaambie wazi walichotaka kufanya. Niwaambie kwamba walikuwa tayari kumzika mtu kwa adabu. Kwamba mwili si aibu, na mimi si kijana wa kunyemelea dirishani, na kwamba nikiuliza kilo nataka kilo. Ilikuwa hotuba nzuri. Sehemu ya kuzika kwa adabu niliipenda sana.

Mama alitolewa mpira wa kupumulia asubuhi moja. Mkojo ulikuwa umeanza kutoka wenyewe, na daktari alisema siku hiyo tuizime mashine tuone figo zinasemaje. Nilikuwa upande wangu, najiandaa kuirudisha damu mwilini kabla ya kuzima. Upande wa pili nilisikia kitanda kikiinuliwa kichwani, ssenga akisifu, mke wangu akicheka na kulia, binti akiwaomba wampe nafasi apumue. Nikajikohoza niianze hotuba.

Ndipo mama akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika, ya Kiganda cha chinichini, lakini ilikuwa sauti ileile ya mlangoni niliyoizoea.

"Nani yuko nyuma ya pazia?"

"Mkwe wako, mama," mke wangu akamjibu. "Ndiye aliyekuwa na mashine siku zote. Hajakuona."

Nikasikia shuka ikivutwa.

"Walimwambia kilo zangu?"

Ssenga, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, alinyamaza. Nilijua kwamba upande ule wote walikuwa wameligeukia pazia. Mtu ametoka kwenye mlango wa kaburi, hajaomba maji, hajauliza mguu wake ukoje, na hili ndilo analotaka kujua. Hotuba ilikuwa mdomoni tayari.

"Sitini, mama," nikasema. "Waliniambia sitini."

Nikamsikia akijilaza vizuri.

"Sitini na mbili," akasema. "Wifi yangu huyu anapenda kupunguza."

Nikaandika sitini na mbili, nikaizima mashine.